Mifano ya Mwalimu Brightson

"Mwalimu, huyu mtoto anayeweka viatu vyake chini ya kitanda ni mtoto wa nani?"

Upande wa pili wa simu zilisikika kelele za wanafunzi, kisha mlango ukafungwa, kisha kimya. Tupokigwe aliibana simu kwa bega, vidole vikiwa bado juu ya kibodi, akangoja. Kungoja alikuwa amekuzoea.

"Mtoto gani tena, Tupo?"

"Wa ukurasa wa kumi na mbili. Mfano wa tatu."

"Aa, huo mfano tu. Chapa kama ulivyo."

"Si ulisemaga wewe hubuni mifano?"

"Tupo, nipo darasani huku Mikocheni, watoto sitini wananitazama. Tutaongea jioni."

Akakata. Tupokigwe aliiweka simu mezani, akaurudia ule ukurasa.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, na tisa kati ya hiyo ilikuwa imeishia kwenye kiti kimoja, ndani ya steshenari moja ya Tandika, akichapa mambo ya watu: barua za kuomba kazi, katiba za vikoba, risala za harusi za wenzake. Brightson alikuwa mwalimu wa Kiingereza, tena mchumba wake. Siku za kazi alilala shuleni, shule ya bweni upande wa Kisarawe, ambako alisema yeye ndiye mlezi wa mabweni. Ijumaa jioni alirudi kwenye chumba chake Tandika, Jumamosi akafundisha tuisheni Mikocheni, Jumapili akakaa kanisani pamoja na Tupokigwe. Hivyo ndivyo alivyosema, na hivyo ndivyo alivyoaminiwa.

Mwalimu huyu alikuwa na vijitabu vyake vilivyojulikana Temeke nzima, vikiitwa Neno Moja, Maana Nyingi. Kila kijitabu kilichukua neno moja la Kiingereza, lile ambalo mwanafunzi anadhani analijua, kikalipekua hadi mifukoni. Safari hii neno lilikuwa keep. Watoto wetu wameambiwa tangu darasa la tatu kwamba keep ni kutunza, basi mtihani ukija na sentensi ya mwalimu anayewataka wakae kimya, wao wanaandika mwalimu ametuambia tutunze kimya. Brightson alikuwa amekusanya maana zake zote: kuhifadhi, kufuga, kuendelea na jambo, kumchelewesha mtu, kufuata upande mmoja wa barabara, kushika ahadi. Kila maana ilikuwa na mifano mitatu, Kiingereza juu, Kiswahili chini.

Na mifano yake haikuwa ya kubuni. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia kwake. Aliwaambia wanafunzi kwamba mfano wa uongo unakufa ubaoni, andika ulichokiona kwa macho yako.

Tena mapenzi yao yalianzia humo humo. Miaka saba nyuma alileta kijitabu cha neno run, na mfano wa kwanza ulisema pua ya dada wa steshenari imemtiririka wiki nzima kwa mafua, lakini hajafunga duka. Tupokigwe aliuchapa, akausoma, akainua macho. Mwalimu alikuwa amesimama kaunta anatabasamu. Kijitabu cha pili alikuwemo mara nne. Cha tatu, hata kuku wa mama yake wa Tukuyu waliingia. Ni nani asingependa? Wengine wanaletewa maua ya plastiki, yeye aliandikwa.

Miaka ikaenda, akazoea, akaacha kusoma. Mpiga chapa mzoefu hasomi, macho yanakula herufi na vidole vinatema. Brightson mwenyewe alipenda kulisema hilo mbele ya walimu wenzake, akilitoa kama sifa ya mchumba wake.

Harusi iliahirishwa mara tatu. Kwanza mzee wake alifariki, hilo halina lawama. Kisha akasema anasubiri uhamisho. Kisha akasema tena anasubiri uhamisho. Mwaka huu alikubali, na majina yao yalianza kusomwa kanisani, Jumapili tatu mfululizo kama desturi ilivyo, ili mwenye kujua kizuizi akiseme. Matangazo mawili yalikuwa yamepita. La tatu na la mwisho lilikuwa kesho. Mama yake Tukuyu alikuwa ameshakata tiketi ya basi la Jumanne.

Leo angechapa kama siku zote, asijue lolote, kama si ukurasa wa kumi na mbili kuingia maji. Wino ulikuwa umetawanyika, maneno mawili hayasomeki. Ili akisie yaliyofutika ilibidi asome sentensi nzima, kisha ya juu yake, kisha ya chini. Ya juu ilisema Mama Yasmini anafuga bata nyuma ya nyumba. Ya chini ilisema Yasmini anaweka viatu vyake chini ya kitanda cha baba ili kesho baba asiondoke bila kumuaga.

Baada ya ile simu alirudi ukurasa wa kwanza, akasoma kijitabu chote kama mwanafunzi wa kidato cha nne. Mashine ya kusaga ya jirani inatukeshesha. Ng'ombe wanaopelekwa mnadani Pugu wanafuata upande wa kushoto wa barabara. Mama Yasmini haachi redio mpaka taarifa ya habari iishe. Kurasa arobaini, na kila ukurasa ilikuwa nyumba ile ile. Alijitafuta mwenyewe humo, akatafuta pua yake, mama yake, duka lake. Hakuwemo hata mahali pamoja.

Simu ikalia ujumbe.

"Tupo mpz chapa tu usihangaike na maana, Jumatatu watoto wana mtihani wa majaribio. Kesho tangazo la mwisho, lala mapema upendeze."

Chausiku, mama wa makamo aliyekuwa akibana vitabu kwenye kona ya duka, alikuwa amemwona uso ulivyobadilika. Alisogea, akasomewa sentensi tano sita, akavua miwani.

"Mdogo wangu, najua unataka kwenda kuwatafuta, ila mie nisingeenda Pugu," alisema. "Ukienda utaona. Na ukishaona, huwezi tena kujifanya hujaona. Kesho ni tangazo la tatu. Wiki mbili ukivumilia unaitwa mke wa mtu."

"Na nisipoenda?"

"Utakuwa mke wa mtu."

Tupokigwe alicheka kidogo, maana jibu lilikuwa la kweli kuliko alivyotaka. Akamalizia kurasa zote arobaini kwanza. Kazi ni kazi. Hakubadilisha hata nukta. Kisha akachukua pochi, akaita bodaboda.

Kumpata Mama Yasmini hakukuwa na kazi. Aliuliza Pugu, njia ya mnadani, mama mwenye bata karibu na mashine ya kusaga, na muuza mkaa akamnyooshea kidole bila hata kumaliza sentensi. Mtu akijulikana kwa bata hahitaji namba ya nyumba.

Alikuta mwanamke wa miaka ishirini na nane hivi, kanga kiunoni, anapepeta mchele kwenye ungo. Redio ilikuwa inaongea dirishani. Bata walikuwa nyuma ya nyumba, walisikika.

"Hodi hapa."

"Karibu dada, shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Tupokigwe. Natokea Tandika, kwenye steshenari."

Uso wa yule mwanamke ulichangamka, akaweka ungo chini, akafuta mikono.

"Kumbe ndiye wewe dada wa steshenari. Mie Zuena. Baba Yasmini anakusifiaga sana. Anasema kazi ukiichapa wewe haina haja ya kuhakikiwa. Pita ndani, nikuwekee chai."

Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililomuumiza kuliko mengine. Angeitwa mwizi angejua la kujibu. Lakini kusifiwa kazi, ndani ya nyumba hii, na mdomo huu, kulimfanya akae kwenye kochi kabla hajaambiwa akae. Aliangalia huku na huku. Alikuwa ameingia kwenye nyumba aliyokwisha kuichapa. Ile meza yenye alama za wino, ile fulana ya mazoezi ya Brightson kwenye msumari, na kupitia mlango wa chumbani, chini ya kitanda, ncha mbili za viatu vidogo vyekundu. Mwenye viatu alikuwa amelala juu ya kitanda hicho, mdomo wazi, miaka minne hivi. Pua ilikuwa ya baba yake, hakuna ubishi.

Alikunywa chai nusu kikombe ndipo akasema.

"Zuena, mdogo wangu, sijaja kwa ajili ya vitabu. Mie ni mchumba wa Brightson. Majina yetu yamesomwa kanisani mara mbili. Kesho yanasomwa mara ya tatu."

Zuena hakupiga kelele. Aliinuka, akaizima redio, akarudi kukaa. Bata wakasikika zaidi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa saba huu."

"Mie wa sita." Alihesabu kidogo kichwani, akatikisa kichwa. "Kwetu kafika, kajitambulisha kwa wazazi. Kasema ndoa atafunga akishapata uhamisho."

"Uhamisho wa kwenda wapi?"

"Hakusemaga."

"Na mie hakuniambia."

Walitazamana, na hapo, Mungu awasamehe, wote wawili walicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Ni kile kinachomtoka mtu akishachoka kulia kabla hajaanza.

Kisha Zuena akamweleza, kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto, kwamba Jumatatu mpaka Alhamisi Brightson yuko hapa, na kwamba yeye aliambiwa Ijumaa mpaka Jumapili ndizo siku za zamu ya bweni. Walipoziweka siku pamoja wiki ilitimia, haikubaki hata moja ya kulala shuleni. Zuena alikuwa amehisi kuna mtu, alisema. Mwanamke hakosi kuhisi. Ila alikuwa anamfikiria mtu wa aina nyingine, mwenye kucha ndefu.

"Utamchukua?" aliuliza.

Tupokigwe alitaka kusema hapana. Hilo ndilo lililotakiwa kusemwa. Lakini mbele ya mwanamke huyu hakuona sababu ya kudanganya.

"Sijui. Nina miaka thelathini na sita. Nimechapa risala za harusi za watu nisizoweza kuzihesabu. Mama yangu anapanda basi Jumanne. Nikinyamaza kesho tu, imekwisha, nimeolewa. Hilo ndilo ninalolifikiria tangu nimekaa hapa, na naona aibu."

Zuena alijifunga upya kanga yake kiunoni.

"Mie siwezi kukwambia umwache," alisema. "Nikikwambia hivyo nitakuwa najitetea mwenyewe. Na sitakudanganya, dada, na mie sijamwacha. Leo nimejua, lakini Jumatatu mchele nitauweka wa watu watatu."

Wakaagana mlangoni kwa kushikana mikono. Zuena alimfungia mayai ya bata kwenye mfuko, kwa mazoea tu ya kumtoa mgeni, kisha akasita, akaona jinsi jambo lenyewe lilivyo la ajabu. Tupokigwe aliyapokea. Kuyakataa kungekuwa kumkosea adabu mtu asiyemkosea.

Jioni, saa kumi na mbili, Brightson alifika dukani kuchukua kijitabu. Shati limefulika, uso umechoka kwa kufundisha. Chausiku alimwona, akakumbuka ghafla kwamba ana mboga motoni.

"Nimetoka Pugu," Tupokigwe alisema.

Brightson alivuta kiti, akakaa. Angekana, ingekuwa rahisi kumchukia. Hakukana. Alisema amekosa, akasema lile jambo lilianza kama ajali, kisha mtoto, kisha halikupata mwisho. Alisema kule ni jukumu na huku ni mapenzi. Alisema baada ya harusi atakaa na wazee wa pande zote, kila kitu kitanyooka, ila kesho ipite kwanza, asitiwe aibu mbele ya kanisa zima. Aliongea vizuri, kama anavyoongea siku zote. Tupokigwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye kijitabu sipo," alisema.

"Unasema?"

"Kurasa arobaini, Mwalimu. Nimezisoma zote. Zamani nilikuwa sikosekani. Safari hii sipo hata sentensi moja."

"Tupo, hayo ni mazoezi ya watoto wa shule. Unayachukuliaje hivyo?"

"Wewe unaandika unachokiona. Mie umeacha kuniona, sijui tangu lini, na sikugundua kwa sababu na mie niliacha kusoma."

Brightson aliangalia bahasha ya kurasa mezani kama vile ndiyo iliyomsemea.

"Kesho utanyamaza?" aliuliza. "Niambie tu nijue."

"Kazi yako iko tayari. Sijabadilisha kitu."

Alichukua bahasha, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka. Alitafsiri lile jibu kwa namna iliyompa usingizi. Tupokigwe hakuwa amejibu, kwa sababu hakuwa na jibu bado. Alirudi chumbani kwake, akala kidogo, akalala na mawazo yake. Alijipa kila sababu ya kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri. Wangapi wameolewa hivyo hivyo wakazeeka? Kilichomsumbua hakikuwa Zuena, wala mtoto. Alikuwa anajiona kwenye nyumba yake mwenyewe, ameolewa, pete kidoleni, Jumatatu mpaka Alhamisi anangoja. Hakuona tofauti na sasa isipokuwa pete.

Jumapili kanisa lilijaa. Brightson alikuwa kando yake, shati jipya la samawati, akinukia vizuri. Akina mama wa kwaya walishageuka mara mbili kuwatazama na kutabasamu. Mchungaji alivaa miwani, akafungua daftari la matangazo.

"Tangazo la tatu na la mwisho," alisoma. "Ndugu Brightson na Tupokigwe, wote wa usharika huu, wanakusudia kufunga ndoa takatifu. Mwenye kizuizi cha haki na akiseme sasa."

Huwa ananyamaza kidogo hapo, kwa kutimiza utaratibu, kisha anageuza ukurasa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kona ya karatasi.

Tupokigwe alisimama.

"Mchungaji, mie ninacho."

Wengine walicheka wakidhani ni furaha imemzidi. Mchungaji alishusha miwani.

"Tupokigwe, binti yangu, kaa. Hii ni ndoa yako inayotangazwa."

"Najua, mchungaji. Ndiyo maana nasimama mie, nisimwachie mtu mwingine."

Brightson alimshika ncha ya kitenge, polepole, akaiachia. Mchungaji aliwaza kidogo, akafunga daftari, akawaita wote wawili ofisini, akamwachia mzee wa kanisa aendelee na nyimbo.

Ofisini hakukuwa na mengi. Tupokigwe alieleza kwa sentensi nne: Brightson ana nyumba Pugu, ana mwanamke anayeitwa Zuena, wana mtoto wa miaka minne, na yeye mwenyewe jana ameingia humo akanywa chai. Mchungaji alimgeukia Brightson, akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, mchungaji. Lakini jana tulikaa, tukazungumza, tukakubaliana tuyamalize kwa wazee."

"Ulizungumza wewe," Tupokigwe alisema. "Mie nilikuwa nasikiliza."

Mchungaji aliwahubiria kidogo, kama ilivyokuwa kazi yake. Aligusia msamaha, aligusia subira. Aliposema neno subira Tupokigwe aliinua kichwa.

"Mchungaji, mie simchukii. Nampenda hata sasa hivi, na wewe ukitaka niseme uongo sitasema. Ila nimechoka. Nimemngoja huyu mpaka nimechoka, na nimeona kwamba akinioa nitaendelea kumngoja. Naomba ufute jina langu."

Mchungaji alivuta rula, akapiga mstari mmoja mnyoofu juu ya majina yao, akaandika tarehe pembeni. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga bahasha.

Nje jua lilikuwa limewaka. Ndani walikuwa wameanza wimbo wa sadaka. Brightson alisimama kwenye ngazi, mikono mifukoni.

"Sasa mie niende wapi, Tupo?" aliuliza. Alikuwa anauliza kweli.

Tupokigwe alimwangalia lile shati. Alihisi huruma, akaiacha ipite.

"Leo ni Jumapili," alisema. "Yule mtoto hajawahi kuamka Jumapili akakuta viatu vyako mlangoni. Anzia hapo. Zuena akikufukuza, hilo nalo ni la kwako."

Akashuka ngazi. Alipofika barabarani alimpigia mama yake, akamwambia ndoa haipo, na sababu atamweleza wakionana. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa maombi, kwa majina ya majirani wote waliokwisha kualikwa.

"Tiketi nisiirudishe?" mama aliuliza tu.

"Usiirudishe, mama. Njoo."

"Nakuja mwanangu. Nilikuwa nakuja kwako wewe. Huyo mwalimu wako nilikuwa hata sura yake nimeanza kuisahau."

Hapo ndipo Tupokigwe alipolia, barabarani, mchana kweupe, watu wanapita. Alilia mpaka akamaliza, akajifuta na kitenge cha kanisani, akaenda zake nyumbani kulala.